Mhandisi Anajibu: Wazo jipya na hesabu zake

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinazunguka jambo moja: nafasi ya ubunifu katika kazi za uhandisi. Wapo wanaoutafuta na hawauoni, wapo wanaohisi wamenyimwa nafasi ya kuuonyesha, na yupo mmoja anayeuogopa, tena ana haki ya kuogopa. Barua ya huyo anayeogopa, kijana anayetakiwa kutia saini, naomba hata wasiohusika na majengo waisome hadi mwisho.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu. Hesabu hazinisumbui. Lakini kwenye mradi wa usanifu mwalimu ameniandikia: "Kazi ni sahihi, haina ubunifu." Mimi kuchora sijui, na wenzangu wanasema ubunifu ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Je, nimekosea njia? – *Mwanafunzi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea njia hata kidogo. Hao wenzako wanakutisha na jambo ambalo wao wenyewe hawajalichunguza.

Chukua habari ya James Watt, ambayo watu wengi wanaijua nusu. Watt hakuvumbua injini ya mvuke. Injini ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712, kabla Watt hajazaliwa. Mwaka 1763 hivi, Watt akiwa fundi wa vyombo vya kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aliletewa mfano mdogo wa injini hiyo autengeneze. Akautengeneza, ukafanya kazi, lakini ulipiga mipigo michache tu mvuke ukaisha. Mtu mwenye haraka angefunga boila kubwa zaidi na kuurudisha. Watt akaanza kupima. Mvuke unaoingia ni kiasi gani? Silinda ikijaa inachukua kiasi gani? Akakuta kila mpigo unameza mvuke mara kadhaa ya ujazo wa silinda yenyewe.

Mvuke huo ulikuwa unapotelea kwenye kuta za silinda. Katika injini ya Newcomen, maji baridi yalinyunyizwa ndani ya silinda ili mvuke ugeuke maji, na presha ya hewa ya nje isukume pistoni chini. Kisha silinda ileile iliyokwisha kupoa ilibidi ipashwe moto upya na mvuke wa mpigo unaofuata. Inapashwa, inapozwa, inapashwa, inapozwa, mchana kutwa. Mwaka 1765 Watt akapata jawabu: mvuke upelekwe kupozwa kwenye chombo kingine kilichoungwa na silinda, ili silinda ibaki ya moto muda wote na chombo hicho kibaki baridi muda wote. Hataza yake, yaani hati ya kulinda haki ya uvumbuzi, ni ya 1769.

Sasa tazama wazo hilo lilipotokea. Alianza na swali ambalo kila mtu angeanza nalo: nitapataje mvuke zaidi? Vipimo vyake vikampeleka kwenye swali lingine kabisa: kwa nini napoza kitu ninachotaka kiwe cha moto? Ukishafika kwenye swali hilo la pili, chombo cha pili hakiko mbali. Na aliyemfikisha hapo ni kipimo, kitu ambacho wewe unakipenda na unakiweza. Ndiyo maana nasema hesabu zako ni mlango wa ubunifu, wala usikubali kuambiwa ni ukuta.

Hebu tufanye zoezi. Rudi kwenye karatasi ya mradi wako, usome sentensi ya kwanza. Nina hakika tayari imetaja kifaa. Tuseme imeandikwa: "Sanifu mkanda wa kupandisha makasha kutoka ghala la chini hadi ghala la juu." Futa neno "mkanda". Kinachobaki ni makasha yafike juu. Hapo hapo mambo yanafunguka. Je, kuna makasha matupu yanayoshuka? Kama yapo, kwa nini yasisaidie kuyavuta yale yanayopanda? Je, ni lazima yapande moja moja?

Wazo la mzigo mmoja kumwinua mwenzake wala si la mchezo. Huko Scotland kuna mtambo uitwao Falkirk Wheel, uliofunguliwa 2002, unaoinua mashua kutoka mfereji mmoja hadi mwingine, mita 24 juu. Mikono yake miwili imebeba matangi mawili ya maji. Mashua ikiingia kwenye tangi, inasukuma nje maji yenye uzito sawasawa na wake, kwa hiyo pande zote mbili hubaki na uzito uleule, liwe tangi lina mashua au halina. Mota inabaki na kazi ya kushinda msuguano na kuanzisha mwendo, ndiyo maana inatosheka na takriban kilowati 22.5 kuzungusha mzigo wa mamia ya tani. Kanuni yenyewe ni ya Archimedes, unayo kwenye daftari lako la kidato.

Ukishafuta jina la kifaa, andika njia nne au tano za kufikia lengo, hata zile unazoona za kijinga, kisha kila moja uipe ukurasa mmoja wa hesabu za harakaharaka: uzito, kasi, nguvu, kitu gani kitavunjika kwanza. Moja au mbili zitabaki hai. Hizo ndizo umpelekee mwalimu, pamoja na zile zilizokufa na sababu za kufa kwake. Kuhusu kuchora usijitese. Mchoro wenye vipimo na mishale ya nguvu unatosha hata ukiwa umepinda. Tunaousoma ni sisi mafundi, na sisi tunatafuta mshale umeelekea wapi.

SWALI: Mhandisi, mimi naongoza timu ya wasanifu. Vijana wangu wanalalamika kwamba viwango, bajeti, muda na kanuni za usalama vinaua ubunifu wao. Mteja naye kila kikao anataka "kitu kipya". Niwalegezee? – *Meneja wa mradi*

JIBU: Usiwalegezee, ndugu yangu, ila wafundishe kuvitazama hivyo vikwazo kimojakimoja, kwa sababu havifanani.

Tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka katika chombo cha Apollo 13 kikiwa njiani kuelekea mwezini. Wanaanga watatu wakalazimika kuhamia kwenye chombo cha kutulia mwezini, ambacho kilitengenezwa kwa watu wawili na kwa siku kama mbili. Sasa kilitakiwa kiwatunze watatu kwa karibu siku nne. Pumzi walizokuwa wakitoa zikaanza kujaza hewa kabonidioksidi. Makopo ya kusafisha hewa ya chombo kile hayakutosha. Chombo kikuu kilikuwa na makopo ya ziada, lakini ya kwake yalikuwa ya mraba, na tundu za chombo kidogo zilikuwa za duara.

Ungekuwa wewe, ungeomba nini? Muda, vifaa, karakana? Wahandisi waliokuwa duniani hawakuwa na chochote cha kuwapelekea. Walichofanya ni kuweka mezani kila kitu ambacho wanaanga walikuwa nacho kule juu, na hicho tu: mifuko ya plastiki, majalada magumu ya vitabu vya maelekezo, mipira ya hewa ya mavazi ya anga, utepe wa gundi. Wakaunda kiunganishi, wakakijaribu palepale ardhini, ndipo wakasoma maelekezo hatua kwa hatua kupitia redio, na wanaanga wakaunda cha kwao. Kabonidioksidi ikashuka. Tarehe 17 Aprili wakatua baharini salama.

Mimi huisoma habari hiyo kwa jicho la mtu wa karakana. Kinachonigusa ni ile orodha iliyofungwa. Walijua hasa wana nini na hawana nini, kwa hiyo akili haikupotea kuwaza visivyokuwepo. Tena hata katika hali ile ya kufa na kupona, hawakutuma maelekezo kabla ya kuunda kifaa chenyewe na kukijaribu.

Basi wape vijana wako karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza waorodheshe vikwazo vyote vya mradi. Safu ya pili waandike kila kimoja kimewekwa na nani: maumbile, sheria, mteja, au mazoea. Cha maumbile hakibembelezwi. Cha sheria, hasa cha usalama, kinaheshimiwa, na ukitaka kukibadilisha unapita njia yake rasmi, hukivunji kimyakimya. Cha mteja kinazungumzika. Mara nyingi mteja hajui kwamba sharti lake moja dogo ndilo linalokula nusu ya bajeti. Na cha mazoea, jamani, hicho ndicho shamba lenu. Nimewahi kuona michoro yenye vipimo vilivyorithiwa kutoka mradi hadi mradi, na ukimuuliza aliyechora kwa nini bomba hili limepita hapa, jibu ni "ndivyo tulivyokuta".

Mnara wa Pisa unafaa kutajwa hapa. Umejengwa juu ya udongo laini, ukainamia kusini karne nyingi, na mwaka 1990 ukafungwa kwa wageni kwa kuhofia kuanguka. Mazoea ya mtu yeyote ni kwenda upande unaozama na kuutegemeza: ongeza zege, ongeza nguzo. Lakini kuchimbachimba upande ule uliokwisha elemewa kungeweza kuuangusha. Njia iliyouokoa ilikwenda upande wa pili. Kati ya 1999 na 2001 udongo ulichotwa kidogokidogo kutoka chini ya upande wa kaskazini, ule uliokuwa juu, kupitia mabomba membamba ya kutobolea, na mnara ukarudi nyuma taratibu karibu nusu digrii. Wazo la kupunguza udongo badala ya kuongeza msingi lilikuwa limeandikwa na mhandisi Fernando Terracina tangu 1962. Kilichochukua muda ni kulithibitisha: majaribio ya udongo, majaribio ya uwanjani, vipimo vya kila siku vya mwinamo huku kazi ikiendelea. Mteja wako anayetaka kitu kipya kila kikao msimulie hilo. Wazo lilikuwepo zaidi ya miaka 30, likisubiri watu wa kulijaribu ipasavyo.

SWALI: Mama Mhandisi, nikikaa mezani kutafuta wazo, halinijii. Wewe mawazo unayatoa wapi? – *Msanifu mitambo*

JIBU: Mezani nayaandika, ila mara chache huzaliwa hapo. Mengi huja kutoka kazi ya mtu mwingine, au kutoka kiumbe ambacho hakikuwa na habari na shida yangu.

Kisa ninachokipenda ni cha treni za mwendokasi za Japani. Treni ikiingia handakini kwa kasi kubwa, inasukuma hewa mbele yake kama pistoni, na lile wimbi la presha likitokea mdomo wa pili hulipuka kwa kishindo kinachowasumbua wakazi. Eiji Nakatsu, mmoja wa wahandisi walioshughulikia treni hizo, alikuwa pia mpenzi wa kutazama ndege. Alimfahamu mdiria, ndege anayejitupa kutoka hewani hadi majini kukamata samaki bila kurusha maji mengi, kwa sababu mdomo wake mrefu unanenepa polepole kuanzia ncha. Naye anavuka kutoka mahali pa ukinzani mdogo hadi mahali pa ukinzani mkubwa, shida ileile ya treni. Treni za mfululizo wa 500 zilizoanza kazi 1997 kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa zikapewa pua yenye urefu wa mita 15 yenye umbo la aina hiyo. Hata kikono cha kuchukulia umeme juu ya paa kilipunguziwa kelele kwa kujifunza kutoka manyoya ya bundi.

Lakini usiondoke hapa ukidhani mtu alimwona ndege, akachora treni. Waliweka maumbo mbalimbali kwenye mabomba ya majaribio na kwenye kompyuta, wakapima presha, na umbo lililoshinda likawa karibu na la mdiria. Ndege alitoa dokezo. Vipimo ndivyo vilivyotoa ruhusa.

Kwa hiyo toka mezani, lakini kwanza iandike shida yako kwa maneno yasiyo na jina la mashine yako. "Kuvuka kutoka hewa nyepesi kwenda hewa iliyobanwa bila kishindo" ni maneno ambayo unaweza kumpelekea mtaalamu wa ndege, daktari wa mapafu au fundi wa filimbi, na kila mmoja atakuwa na la kusema.

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Mimi ni fundi wa matengenezo kiwandani, sina digrii. Nina mawazo ya kuboresha mitambo lakini wahandisi hawanisikilizi. Je, ubunifu ni wa wasomi? – *Fundi*

JIBU: Salama, fundi wangu. Elisha Otis alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha vitanda, na alichotaka ni kupandisha vifaa ghorofani bila jukwaa kuanguka kamba ikikatika. Alitumia springi ya chuma ambayo uzito wa jukwaa, ukivutwa na kamba, huibana. Kamba ikikatika, springi inafunguka na kunasa kwenye meno ya reli za pembeni. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya New York, alisimama juu ya jukwaa hilo mbele ya watu akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo, likasimama. Majengo marefu ya leo, yenye lifti za kupandisha watu, yasingekuwa na maana bila kazi ya fundi huyo.

Na nina la kwangu la kukusimulia. Niliwahi kuitwa kwenye kituo cha pampu ambako pampu moja ilikuwa inanguruma kana kwamba imemeza kokoto, na impela zake, yale magurudumu ya mapanga yanayosukuma maji, zilikuwa zikiliwa hadi kuwa na vishimo. Kikao kilikuwa kimeshakubaliana kununua pampu kubwa zaidi. Fundi wa zamu, mzee mtaratibu, alikuwa amesimama kando ameshika bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni. Nikamuuliza anasikia nini. Akanijibu, "Beringi ni nzima, Mama. Kelele inatoka kwenye maji. Tena tangi la chini likijaa, inanyamaza."

Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa na thamani kuliko ripoti yote niliyopewa. Tangi likijaa, presha upande wa kunyonya inapanda. Likipungua, presha inashuka hadi maji yanachemka bila moto, vipovu vinazaliwa, vikifika kwenye impela vinapasuka na kuchimba chuma. Pampu kubwa ingenyonya kwa nguvu zaidi na kuzidisha maradhi. Bomba la kunyonya lilikuwa jembamba na lenye kona kadhaa. Likawekwa nene, fupi, lililonyooka. Pampu ni ileile, kelele ikaisha.

Mzee yule alikuwa na jibu muda mrefu, na hakuna aliyemuuliza. Nalisema hili kwa wahandisi wenzangu wanaosoma ukurasa huu: mtu anayeishi na mtambo usiku na mchana msimwite tu mnapotaka ashike spana.

Wewe nawe lisaidie wazo lako lisikike. Ukisema "tubadilishe hiki", utapuuzwa. Andika tarehe, saa, mtambo ulikuwa katika hali gani, kilichotokea na kilichokoma. Andika pia wazo lako likishindwa litashindwaje, na nani anaweza kuumia. Mhandisi akiona umewaza hadi hapo, mazungumzo yenu yatabadilika. Asipobadilika na hilo, peleka karatasi hiyo kwa msimamizi wa usalama.

SWALI: Shikamoo Mama. Ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Mchoro unaonyesha boriti moja ndefu ya chuma. Mkandarasi anataka ikatwe vipande viwili viungwe kwa bolti palepale eneo la kazi, kwa sababu ni rahisi kusafirisha. Bosi wangu amefurahi, anasema "huu ndio ubunifu", na anataka nitie saini leo ili kazi isisimame. Moyo wangu hautulii. Je, mimi ni mwoga? – *Mhandisi kijana*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitie saini leo. Na mwoga si wewe.

Kaa uchukue penseli, nataka uchore ninachokueleza. Katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, kulikuwa na madaraja ya ndani ya kupitia watu, yamening'inizwa juu ya ukumbi kwa nondo kutoka darini. La ghorofa ya 4 lilikuwa juu, la ghorofa ya 2 chini yake kabisa. Mchoro wa awali ulikuwa na nondo ndefu moja: inashuka kutoka darini, inapenya boriti ya daraja la juu, inaendelea hadi boriti ya daraja la chini. Chini ya kila boriti, nati. Chora mishale ya mizigo. Uzito wa daraja la chini unapanda ndani ya nondo moja kwa moja hadi darini, hauigusi boriti ya juu. Nati ya juu inabeba daraja la juu peke yake.

Sasa yakaja mabadiliko. Nondo ndefu ingehitaji kukatwa hesi urefu mwingi ili nati ifike hadi juu, na hesi hizo zingeweza kuharibika wakati wa kuinua. Pendekezo likawa nondo mbili fupi: moja kutoka darini hadi boriti ya juu, nyingine ianzie kwenye boriti hiyohiyo, sentimita chache pembeni, ishuke hadi daraja la chini. Rahisi kutengeneza, rahisi kufunga, na kwa mbali linaonekana lilelile. Rudia kuchora mishale. Daraja la chini sasa limening'inia kwenye boriti ya daraja la juu. Nati ileile ya juu inabeba madaraja mawili. Mzigo wake umekuwa maradufu, na hakuna aliyeupigia hesabu upya kama ilivyopasa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa awali haukufikia uwezo uliotakiwa na kanuni za ujenzi. Boriti yenyewe ilikuwa vyuma viwili vya umbo la C vilivyochomelewa uso kwa uso, na tundu la nondo limepita kwenye mshono. Usiku wa tarehe 17 Julai 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu, nati zilipasua mshono huo na kupita. Watu 114 walikufa.

Sikuambii haya ili uchukie mapendekezo ya mkandarasi. Kuunga boriti kwa bolti ni jambo la kila siku, na huyo mkandarasi anaweza kuwa na wazo zuri kabisa. Ninachokuambia ni kwamba wazo lililobadilisha njia ya mzigo ni usanifu mpya, hata kama umechorwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, na usanifu mpya unapigiwa hesabu upya tangu mwanzo.

Kwa hiyo uliza: maungio yatakaa wapi? Boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili na kubebeshwa mzigo uliotandazwa sawasawa hupata nguvu kubwa kuliko zote ya kuipinda pale katikati. Kama mkandarasi anataka kukata katikati kwa sababu lori lake linapokea nusu kwa nusu, amechagua mahali pabaya kuliko pote. Je, inaweza kukatwa karibu na robo ya urefu, kipande kimoja kirefu na kingine kifupi? Bolti ngapi, za daraja gani, zitakazwa vipi na nani atazikagua? Boriti itanepa kiasi gani bolti zikiteleza kidogo kwenye matundu yake? Ukisogeza maungio, ukaonyesha yanabeba, na lori likapakia, basi wewe ndiye utakuwa umefanya ubunifu ambao bosi wako alikuwa anausifu.

Mwambie bosi hivi, kwa adabu na kwa maandishi: "Napendekeza tulikubali wazo hili baada ya aliyesanifu boriti kupitisha hesabu za maungio. Nimeambatisha maswali yangu." Kisha mpelekee msanifu siku hiyohiyo, ili pasiwe na wa kusema umekalisha kazi. Akikulazimisha kusaini kabla ya jibu, kataa, uweke nakala ya barua yako, na upande ngazi inayofuata. Kazi kusimama siku chache ni hasara inayolipika.

SWALI: Dada Mhandisi, binti yangu wa miaka kumi anafungua kila kifaa kilichoharibika hapa nyumbani. Baba yake anasema anaharibu. Nimzuie? – *Mama*

JIBU: Usimzuie, mdogo wangu, ila mpangie. Kifaa kiwe kimechomolewa kwenye umeme, na betri imetolewa. Televisheni za zamani zenye kioo kinene na oveni za maikrowevu asifungue kabisa, hata kama zimechomolewa, kwa sababu ndani yake umeme unaweza kubaki na kumdhuru. Redio, saa, feni, vinyago vya betri, hivyo ni vyake. Mpe bisibisi za saizi yake, kasha la mayai la kuwekea skrubu kwa mpangilio alioufungulia, na daftari. Kabla ya kufungua achore anavyodhani ndani kukoje, akishafungua achore alichokikuta. Na baba yake akae naye siku moja, amwombe binti amweleze kile kigurudumu kidogo cha meno kinazungusha nini.